Watu Wawili na Mashine: Tarikhi Fupi ya Kikundi cha Duma

Kanyakine, kituo cha soko, shule na hospitali katika Imenti Kusini, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, haidai sehemu yoyote katika kuzaliwa kwa kikundi cha muziki kiitwacho Duma, ambacho kilichipuka Nairobi, kikarekodi kazi yake Kampala, na kikasifiwa London kabla hakijajulikana na majirani zake wenyewe. Lakini mtu aliyelelewa na sauti za huku, ambako migomba na mibuni hupandwa bega kwa bega, na ambako redio haizimwi tangu alfajiri mpaka watu walale, anayo haki ya kuiandika tarikhi ya kikundi hicho kwa jicho lake, kwa sababu mambo mawili ambayo wageni waliyastaajabia kwa vijana wale, yaani ukali wa sauti na mashine kushika nafasi ya mpiga ngoma, yote mawili tuliyazoea huku zamani, ijapokuwa kwa sura nyingine.

Duma walikuwa watu wawili tu. Mmoja ni Martin Khanja, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa sauti. Nasema kutoa sauti, sisemi kuimba, kwa maana kitokacho kinywani mwake huwa mara mngurumo, mara ukelele, mara mnong'ono wa mtu aliyekabwa, na maneno yenyewe, kwa msikilizaji asiyeyajua kabla, hayashikiki. Mwenzake ni Sam Karugu, aliyeshika gitaa na kuunda mapigo na mivumo kwa kompyuta. Kabla ya kuungana, walikuwa wamepitia vikundi vya metali vya Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, na jina walilojichagulia ni la Kikuyu, lenye maana ya giza, wala si yule mnyama wa mbugani.

Muziki wa namna hii una nasaba ndefu nje ya Afrika, nami nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa wameshaiandika wengi. Katika mji wa Washington, Marekani, vijana wa panki waliochoka na fujo tupu walianza katikati ya miaka ya 1980 kuutia ukali wao huzuni na mabadiliko ya mwendo, na albamu ya Rites of Spring ya mwaka 1985, iliyotolewa na kampuni ya Dischord, huhesabiwa kuwa mwanzo wa njia hiyo, ambayo Fugazi waliipanua baadaye. Huko Birmingham, Uingereza, Napalm Death walitoa Scum mwaka 1987, wakapiga ngoma kwa kasi ambayo watu hawakuwa wameidhania mikono ya binadamu. Kikundi cha Big Black cha Chicago, chini ya Steve Albini, hakikuwa na mpiga ngoma kabisa, bali kisanduku cha umeme kilichoandikwa kwenye majalada ya sahani kwa jina la Roland, kama mwanachama kamili mwenye haki zake. Na Berlin, kuanzia 1992, Atari Teenage Riot waliunganisha panki na mapigo ya disko za usiku. Kwa hiyo aliyesema kwamba Duma walibuni kitu ambacho hakikuwako aliwapamba kwa sifa wasiyoihitaji.

Nairobi nako hakukuwa ukiwa. Roki ilikuwako tangu miaka ya 1970, kwa mfano katika kikundi cha Black Savage, alimopitia Job Seda, aliyekuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Ayub Ogada na kwa nyatiti yake. Na katika karne hii wakatokea Murfy's Flaw, ParkingLotGrass, Last Year's Tragedy, Crystal Axis na wengineo, wakichezea maegesho ya magari, kumbi za kukodi na mabaa yaliyowakubali kwa siku ambazo wateja ni wachache. Stesheni ya X FM iliwapigia muziki wao mchana kutwa, hata kijana wa bweni katika shule ya milimani aliyeficha redio ndogo chini ya godoro aliweza, mawimbi yakiwa na huruma, kusikia kwamba kuna Wakenya wanaopiga gitaa kwa namna ile. Hadhira yao ilikuwa ndogo, na wenyewe walikuwa wakijuana kwa majina; lakini walikuwa wakaidi, na ukaidi katika sanaa ni mtaji ambao hautozwi ushuru.

Sasa na tuingie katika lile ninaloliona kuwa kiini cha habari, yaani jinsi mwanamuziki wa Kenya alivyowaaga wenziwe mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki na mashine. Katika miaka ya 1950 na 1960, zama za Fundi Konde, ambaye katika Vita Vikuu vya Pili alitumikia katika kikosi cha watumbuizaji wa askari, na za Equator Sound Band waliokuwamo Fadhili William na Daudi Kabaka, muziki ulikuwa kazi ya jamii: mpiga gitaa la kwanza na la pili, mpiga besi, mpiga ngoma, wapuliza tarumbeta, waitikiaji, na meneja wa kudhulumu wote hao. Kikundi kilikuwa na sare, na mara nyingi kilikuwa na hoteli au baa iliyokilisha. Benga nayo ilipozagaa kutoka Nyanza hata ikaingia Ukambani, Murang'a na Meru, ilihitaji watu, kwa kuwa utamu wake umo katika magitaa mawili yanayojibizana na besi inayotembea chini yake.

Haya yote hugharimu. Seti ya ngoma za kigeni hutaka gari la kuibeba, chumba cha kufanyia mazoezi, na majirani wenye subira isiyo na kikomo. Wapuliza tarumbeta wanne ni vinywa vinne vya kulishwa. Na mwenye baa, hali ya maisha ilipozidi kuwa ngumu na kanda za wizi zikajaa River Road mjini Nairobi, alianza kujiuliza kwa nini alipe watu wanane ilhali mmoja angeweza kuwachezesha walevi wale wale. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1990, nalo likaitwa one-man guitar: mtu mmoja, gitaa moja la umeme, na kinanda au kisanduku kilichotiwa mapigo tayari. Hicho ndicho kilichokuwa mgongo wa mugithi, ile ngoma ya garimoshi ambamo wachezaji hushikana mabega wakazunguka ukumbi kwa safu, na kina Mike Rua walijenga jina na riziki juu yake. Sisi wa Meru hatukuachwa nyuma. Nkubu na Meru mjini, na hata katika vituo vidogo vya njiani, mwisho wa juma ulipowadia, mtu huyu mmoja na kisanduku chake waliketi katika pembe ya baa, wakaimba nyimbo za Kikuyu na za Kimeru, za dini na za matusi, katika usiku ule ule na kwa mapigo yale yale, wala hakuna mteja aliyeinuka kudai mpiga ngoma wa nyama na damu.

Makanisani pia kisanduku kiliingia kwa mlango wa mbele. Kwaya ambayo zamani ilijitegemeza kwa kayamba na ngoma ya ngozi ilinunua kinanda cha umeme kwa harambee, na kijana mmoja aliyejua kubonyeza kitufe akawa bendi nzima. Muuga FM ikapata nyimbo za Injili za Kimeru kwa wingi usiopata kuonekana, aghalabu zikiwa zimeundwa na watu wawili katika chumba kimoja: mwenye sauti na mwenye mashine. Ukiyatafakari hayo kwa insafu, utaona kwamba Khanja na Karugu, mmoja na sauti na mmoja na mashine, hawakuja na mpango mgeni. Walifuata muundo uliokwisha kuwa kawaida katika nchi yao, ila walipofika mahali ambapo mwimbaji wa baa husimama, wao hawakusimama. Mashine ya mugithi hupewa kazi ya kujifanya mtu. Mashine ya Karugu iliruhusiwa kuwa mashine, ikapiga kwa kasi ambayo hakuna mguu wala mkono ungeifikia, ikakwaruza, ikavuma, ikajikwaa kwa makusudi. Na huo, kwa rai yangu, ndio ubunifu wao hasa, mkubwa kuliko ukelele uliowatangaza.

Ama kuhusu ukelele, wazee wetu wangeshangaa kuambiwa kwamba kuna ajabu ndani yake. Nyimbo za kirarire zilizokesha kuimbwa kabla ya tohara hazikuwa za kubembeleza mtoto. Zilikuwa za kumtisha kijana, kumpima, na kumwambia kwa maneno mazito yale ambayo siku nyingine yangeleta kesi mbele ya wazee, na sauti za waimbaji zilikwaruza makusudi, hata zikakauka kabla ya mapambazuko. Wapiga ngoma wa Chuka, jirani zetu wa kusini, ambao hubana ngoma ndefu mapajani wakapiga kwa mikono huku miili yao yote ikitikisika, walikwisha kuwaonyesha watawala na marais kwamba mapigo mengi yakijazana mno hugeuka kuwa kitu kimoja kizito kinachomwingia mtu kifuani, si masikioni. Nani katika watu hao angehitaji kufundishwa na Birmingham maana ya kasi?

Lakini kati yetu na wazee hao waliingia wamishonari: Wakonsolata waliofika Meru mwaka 1911, Wamethodisti waliofuata wakajenga Kaaga, na Waskoti ambao Daktari Clive Irvine aliwaongoza Chogoria kuanzia 1922. Waliacha shule na hospitali ambazo mpaka leo tunazitumia, na hilo sharti litajwe kwa shukrani. Lakini waliacha pia mazoea ya kuigawa sauti katika mafungu mawili, ya wokovu na ya upotevu, na ngoma ya usiku iliwekwa katika fungu la pili bila kusikilizwa utetezi wake. Mwongofu aliyekwenda kuicheza alitengwa na meza ya Bwana. Hukumu hiyo haikufa na wakoloni. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na taarifa yake ilipotangazwa mwaka 1999, hofu iliyokuwa imeenea mashuleni ikapata muhuri wa serikali. Tangu hapo kijana mwenye fulana nyeusi na kanda ya metali alikuwa mshukiwa kabla hajafungua kinywa. Duma waliuita wimbo wao mmoja Pembe 666, nami siwezi kuamini kwamba Wakenya wawili waliokulia katika hali hiyo hawakujua ni kidonda gani walichokuwa wakikitonesha.

Ilikuwa kawaida, basi, kwamba kikundi cha namna hiyo kipate hifadhi nje ya mipaka. Kampala kulikuwa na jumuiya iliyoanzishwa na Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni wawili waliohamia huko, ambayo ilianza kwa karamu za dansi mwaka 2013, ikazaa tamasha la kila mwaka Jinja, kandokando ya Mto Nile, kuanzia 2015, kisha kampuni ya kutoa muziki. Yote hayo chini ya jina la Nyege Nyege, ambalo mtu wa pwani hawezi kulitamka mbele ya mkwewe. Kampuni hiyo ndiyo iliyoufikisha ulimwenguni muziki wa singeli kutoka mitaa ya Dar es Salaam, kwa mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017, na singeli, kama ajuavyo kila aliyepita karibu na kigodoro cha uswahilini, ni muziki ambao mapigo yake huenda mbio mpaka mgeni akadhani kinanda kimeharibika. Kwa hiyo mahali hapo palikuwa pamezoea kasi. Palikuwa pamezoea na lawama pia: mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, aliyekuwa padri kabla ya kuingia katika siasa, alitangaza kulipiga marufuku tamasha, kisha serikali ikalegeza kamba baada ya siku chache, na watu wakacheza.

Hapo ndipo Khanja na Karugu walipokwenda katikati ya mwaka 2019, wakakaa katika studio za Nyege Nyege muda wa miezi mitatu, wakatoka na nyimbo tisa. Miezi mitatu ni neema kubwa. Bendi ya Nairobi yenye kulipia studio kwa saa huingia na nyimbo zilizokwisha kuiva, ikarekodi mbiombio huku jicho likiwa kwenye saa ya ukutani, na kosa likitokea huachwa; kumbe watu hawa walipata kula, kulala na kuharibu kwa wasaa, na kuharibu kwa wasaa ndiko kulikozaa albamu. Wimbo mmoja wameuita Uganda with Sam, kana kwamba ni picha ya safari iliyobandikwa katika kitabu cha kumbukumbu.

Albamu, iliyobeba jina la kikundi chenyewe, ilitoka Agosti 2020. Ni vigumu kufikiri saa mbaya zaidi. Kenya ilikuwa chini ya kafyu tangu Machi 27, mabaa yamefungwa, matamasha yamekufa, na mwanamuziki wa kila namna, awe wa mugithi au wa metali, amekaa nyumbani akihesabu akiba isiyokuwapo. Lakini saa hiyo hiyo ilikuwa na faida yake kwa muziki usiohitaji ukumbi: watu wa Ulaya na Marekani, nao wamefungiwa majumbani, walikuwa wakipekua intaneti kutafuta sauti inayolingana na wahaka wa mwaka ule, na waandishi wa muziki wa London na New York wakaipokea albamu kwa sifa ambazo bendi nyingi za Kenya zenye umri wa miaka ishirini hazijapata kuzionja. Baadaye Sub Pop ya Seattle, kampuni iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, iliwatolea sahani ndogo. Kwa mpenzi wa roki wa Nairobi hilo lilikuwa sawa na kijana wa kijijini kuitwa katika timu ya taifa.

Nimeisikiliza albamu hiyo kwa makini, nikiwa mtu niliyelelewa na benga na tenzi za kanisani, na sitamficha msomaji rai yangu. Angels and Abysses, inayofungua, ni kazi kamili: imejengwa kama jengo, kwa msingi, kuta na paa, na mtu akiivumilia dakika ya kwanza atajikuta anaingoja ya pili. Lionsblood ndiyo iliyonifanya niwakumbuke wapiga ngoma wa Chuka, maana mapigo yake hujazana mpaka hayahesabiki tena, yakawa kama uzito. Lakini zipo sehemu ambamo mvumo unaendelea kwa sababu tu hakuna aliyeuzima, na sehemu ambamo Khanja, mwenye koo la ajabu, analitumia lote tangu mwanzo hata asibakize kitu cha kupandia. Mwimbaji wa kirarire alijua kwamba usiku ni mrefu, akajiwekea akiba. Fauka ya hayo, ninahuzunika kwamba nyimbo za vijana wawili wa Kenya zimepewa karibu majina yote kwa Kiingereza. Huenda hilo ndilo lililozifikisha London; ndilo pia litakalozichelewesha kufika Kanyakine.

Ushirika wao haukudumu. Ulipofika mwaka 2024 Khanja alikuwa akisafiri peke yake, na Aprili mwaka huo akatoa albamu iitwayo The Adept chini ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu, akiitunukia kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, ambaye yeye ajihesabu kuwa kitukuu chake. Jina hilo halihitaji maelezo katika nchi za mlimani. Muthoni ndiye mwanamke aliyefikia daraja la field marshal katika jeshi la Mau Mau. Alikaa katika msitu wa Nyandarua mpaka uhuru wa 1963, akazitunza nywele alizozifuga huko kwa miongo mingi, akakubali zikatwe na Mama Ngina Kenyatta Aprili 2022, na akafariki Septemba 2023. Sisi wa Meru tunaye wa kumlinganisha naye, Musa Mwariama, aliyetoka msituni mwaka ule ule wa uhuru akiwa na nywele za namna hiyo hiyo, na ambaye picha yake akiwa na Jomo Kenyatta imo katika kila kitabu cha habari za vita vile. Kwamba mwanamuziki aliyeshukiwa kuwa mtumishi wa giza la kigeni alipotafuta wa kumtunukia kazi yake hakwenda Birmingham wala Washington, bali alirudi katika msitu wa Nyandarua, ni jambo ambalo waliomhukumu kwa fulana yake wangefaa kulitia katika mizani.

Karugu hasikiki sana katika magazeti, na ndivyo ilivyo kwa wenye mashine popote: mwenye sauti huondoka na jina. Lakini mtu akitaka kujua ni nani aliyeifanya albamu ya Duma isifanane na metali ya nchi nyingine, na azime sauti ya Khanja katika fikira zake, asikilize kilichobaki.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye dhamana ya kuhifadhi. Tuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, tuna tume ya muziki iliyoundwa na serikali mwaka 1988, na tuna tamasha la muziki la mashule lenye historia tangu 1927. Hazina hizo hukusanya ngoma za kienyeji na kwaya, na hufanya vyema, ila bendi ndogo za Nairobi, pamoja na watu wa one-man guitar wa Nkubu, Embu na Nyeri, wamewekwa mlangoni. Kanda zao zinaoza, kompyuta walizorekodia zinauzwa kama vyuma vikuukuu, na kurasa walizowekea nyimbo hufutika siku ada isipolipwa. Nakala za albamu ya Duma zipo Kampala, Seattle na London. Nawaomba wahusika waweke moja Nairobi, na karibu yake waweke kanda ya mugithi ya baa yoyote ya Meru, ili mtafiti atakayekuja azisikilize mbili hizo kwa kikao kimoja.